Uso Uliochorwa Nusu: Maisha ya Woiro Gaba wa Yawora

Baba Padre, wazee wa ukoo, akina mama wa kanisa, majirani wa Yawora na ninyi mliokuja kwa boti kutoka vijiji vingine vya ghuba, kwa niaba ya nyumba ya marehemu mzee Gaba Seseko nawashukuru kwa kusimama nasi kwenye jua hili, mimi ni Kingsford Gaba, mtoto wa pili na wa mwisho wa nyumba hiyo, nami nimepewa kazi ya kuwasomea habari za maisha ya dada yangu, ambaye karibu wote mlimfahamu kwa jina la Woiro, na wachache kwa jina la ubatizo la Cuthbert. Nawaomba mnivumilie, kwa kuwa karatasi hii wazee waliiona jana wakataka mistari kadhaa iondolewe, na neno dada likiwa mojawapo, nami nimeileta kama nilivyoiandika.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Septemba 1959 hapa hapa Yawora, mtoto wa kwanza wa mzee Gaba na mama Josepha Sumusi, mkunga akatangaza kuwa ni wa kiume, na baba akampa jina la mama yake mwenyewe, bibi Woiro, ambaye alikuwa amezikwa wiki tatu kabla, kwa sababu hakutaka jina hilo likae bila mwenyewe. Bibi huyo ndiye aliyezijua kwa kichwa na kwa mkono alama za ukoo wetu, zile tunazochora kwenye tapa, nguo yetu ya gome, na kabla ya kufa alimfundisha mkwewe, yaani mama yetu, kwa hiyo mama naye alikuwa akisubiri azae binti wa kumfundisha. Mimi nilizaliwa mwaka 1962, na baada yangu mama hakuzaa tena.

Watu wa rika lake mnakumbuka kwamba wavulana wenzake walipokwenda mtoni na mikuki ya kuchomea samaki, Woiro alikuwa chini ya nyumba, pembeni ya mama, anamshikia gome lisiteleze juu ya gogo wakati mama analiponda kwa rungu. Mama alimfukuza mara nyingi, akimwambia baba yako atatuona, kisha siku moja mwaka 1968 akainuka kwenda kutazama magimbi motoni, akamwacha na kitambaa kilichochorwa robo, aliporudi mistari myeusi ilikuwa imeendelea kiganja kizima, na mama alitusimulia mwenyewe, uzeeni, kwamba alikitazama mpaka magimbi yakaungua, akitafuta mahali mkono wake ulipoishia na wa mtoto ulipoanzia, asipaone. Tangu siku hiyo hakumfukuza tena, ila alimkalisha upande wa nyuma, ambako mtu anayepita njiani haoni.

Kuhusu elimu, marehemu alisoma shule ya msingi ya misheni hapa kijijini kuanzia 1967 hadi 1973, akafaulu, na mwaka 1974 akaenda shule ya sekondari ya bweni upande wa mji wa Popondetta, lakini Juni 1975 alirudi nyumbani na sanduku lake, akashuka kwenye boti, akampita baba aliyekuwa amekuja kumpokea, akaenda moja kwa moja chini ya nyumba na kushika rungu la mama. Yaliyompata bwenini hakuyasema kwa mtu, wala mimi sitayabuni. Mama alikuwa ameanza kuumwa viungo vya vidole, rungu lilikuwa linamtoka mkononi, kwa hiyo baba, ambaye alipenda ukoo wake uonekane umevaa vizuri kwenye sikukuu, alikaa kimya akavaa nguo asiyouliza imetoka mkono wa nani.

Ukimya huo ulitufaa miaka minne, mpaka Oktoba 1979, na hapa ndipo penye mistari ambayo wazee hawakutaka niisome. Mwaka ule Bibi Didala, aliyekuwa wa mwisho hapa kwetu kujua kazi ya kuchora nyuso za wasichana kwa mwiba na masizi, alitangaza kwamba macho yake yanafifia na kwamba kundi atakalolichukua litakuwa la mwisho, wakaingia nyumbani kwake wasichana wanne wa miaka kumi na nne na kumi na mitano, wakaketi ndani kama inavyotakiwa, bila kuonekana na wanaume, na siku ya pili Woiro, mwenye miaka ishirini, akaenda akasimama mlangoni.

Mmoja wa wale wanne, Mama Emmeline, yupo hapa mbele, na ameniruhusu niseme aliyoyasikia. Bibi Didala alimuuliza, "Unaingia hapa kama nani?" Naye akajibu, "Kama mtoto wa kike wa Josepha." Bibi alimtazama, wasichana wakadhani atamtupia kuni, halafu akasema, "Kaa basi. Ila humu ndani hakuna kelele, na kulia ni kelele." Akamlaza kichwa kwenye paja lake, akaanza shavu la kulia.

Habari ilimfikia baba siku ya tatu tangu Woiro aingie. Alinichukua mimi, nikiwa na miaka kumi na saba na nguvu nyingi za bure, tukaenda, na kwa kuwa baba kwa heshima yake hakuweza kuvuka kizingiti cha nyumba ile, alinituma mimi nivuke, nami nikavuka. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa umekamilika kuanzia paji hadi kidevu, umevimba, una damu, na upande wa kushoto bado haujaguswa. Bibi Didala alisimama na mwiba mkononi, akasema, "Gaba, mtu hatolewi uso ukiwa nusu. Ungemzuia juzi, au ungoje wiki ijayo." Baba, akiwa nje, akajibu, "Hiyo nusu inamtosha." Nilimshika dada yangu mikono yote miwili kwa nyuma, nikamtoa, na ninataka mjue kwamba hakupigana nami hata kidogo, alitembea mbele yangu kama mtu anayepelekwa mahali anapopajua. Bibi Didala alifariki mwaka uliofuata, na kazi ile ikafa naye.

Basi akaishi na uso huo, na vijana wa Yawora, nikiwemo mimi, tukambandika jina la Mwezi Nusu, tukawa tunamwita hivyo akipita na mzigo wa magome, naye akiwa na ulimi wake alitujibu kwa sauti ya upole, "Mimi angalau nimeandama, ninyi bado ni mawingu." Watu walicheka, na aliyecheka zaidi ni yeye, lakini mama alituambia kwamba akifika nyumbani hali chakula.

Kuhusu ndoa, desturi inanitaka niseme kama marehemu alioa au aliolewa, na mwaka 1981 baba alitaka jambo hilo limalizike, akazungumza na wazazi wa Emmeline huyuhuyu, nguruwe wawili wakatolewa, siku ikapangwa kuwa tarehe 5 Agosti, na asubuhi ya siku hiyo mbele ya koo zote mbili Woiro alisimama akasema kwamba Emmeline ni rafiki yake na hatamfanyia ubaya huo. Baba aliona aibu, akamuuliza kwa sauti ya kusikika, "Kama hutaki kuoa, basi unataka kuolewa?" Watu wakaangua kicheko. Woiro alingoja kicheko kiishe, akajibu kwamba neno linalomfaa bado hajalijua, ila hilo la kwanza analijua kuwa si lake. Kwa hiyo naandika kwamba marehemu hakuoa wala hakuolewa, na kwamba Mama Emmeline, ambaye baadaye aliolewa na mtu mwingine, hakuacha kumletea samaki kila wiki alipokuwa kijijini.

Machi 1982 aliondoka, akapanda boti hadi bandari ya Oro Bay na meli hadi mji wa Lae, na huko alifanya kazi miaka kumi na miwili kwa mshonaji, akishona sare za wanafunzi. Alimwandikia mama kila mwezi wa Pasaka na kila Krismasi, mwalimu wa dini akisoma barua kwa sauti ya chini, na baba akikaa upande wa pili wa ukuta wa makuti, akijifanya anatengeneza kasia. Mama yetu alifariki tarehe 2 Februari 1993. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kutuma habari Lae, nikaichelewesha, nikijiambia boti haina mafuta, nikijiambia hali ya hewa si nzuri, na ukweli ni kwamba niliogopa uso ule usije ukatokea makaburini mbele ya wakwe zangu. Mama alizikwa bila mwanawe wa kwanza, na kitambaa alichofunikwa kilikuwa cha kuazima, cha ukoo mwingine, kwa sababu kwetu hakukuwa na mwanamke aliyejua kuchora alama zetu.

Aibu hiyo baba aliimeza, lakini mwaka 1994 kanisa jipya lilikaribia kuwekwa wakfu, kila ukoo ukatakiwa kutundika nguo yake ndani, na sisi tukawa na nafasi tupu ukutani, hapo ndipo baba aliponiita, akanipa nauli, akaniambia nenda kamlete, bila kutaja jina. Nilimkuta Lae amekaa mbele ya cherehani, amenenepa kidogo, nywele zina mvi, na hakuinuka. Nilimpa habari ya mama, iliyokuwa na umri wa mwaka na miezi tisa, akaendelea kushona mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi, kisha akaniuliza, "Nikirudi, utaniitaje mbele ya watu?" Nikamwambia, "Nitakuita Woiro." Akasema, "Ni jina la bibi. Linatosha kuanzia." Tukarudi pamoja tarehe 19 Novemba 1994, nami nilimwita Woiro miaka ishirini na minne, sikuvuka hapo, na hakunikumbusha.

Akina mama walimjengea kibanda cha rangi nyuma ya bustani ya magimbi, mahali ambapo rangi nyekundu inapikwa kwenye chungu, mwanaume hasogei na wanawake hunong'ona, na kulikuwa na waliosema rangi itaharibika ikiwa yeye yumo, wakangoja iharibike, ikatoka nyekundu. Tarehe 25 Januari 1995 kanisa liliwekwa wakfu, nguo ya ukoo wetu ikatundikwa ya tatu kutoka madhabahuni, baba akasimama mbele yake, akaufuata mstari mmoja kwa kidole bila kuugusa, akasema, "Huu ni mkono wa mama yangu." Ni maneno pekee niliyomsikia akisema kuhusu kazi ya mtoto wake, hakugeuka kumtazama alipoyasema, na akafariki mwaka 1999 bila kuongeza. Miaka hiyohiyo alipita mwanamke mmoja mgeni aliyejua kuchora nyuso, akajitolea kumaliza shavu la kushoto, Woiro akamshukuru na kukataa, akisema mtu aliyepewa kazi hiyo alikuwa Didala.

Kuhusu watoto, marehemu alimlea Lavinia, binti yangu wa tatu, ambaye akiwa na miaka minne, mwaka 2000, alibeba mkeka wake mwenyewe akahamia kwa shangazi yake, mke wangu Agatha akasema mwacheni, mimi nikaenda mara mbili kumrudisha na mara zote mbili nikakuta anafundishwa kumenya gome lisipasuke, nikaona haya kumtoa tena mtu katika nyumba kwa mikono yangu. Lavinia alimwita shangazi tangu siku ya kwanza bila kuambiwa na mtu, na leo ndiye mwenye alama za ukoo wetu, pamoja na wanawake thelathini na mmoja wa ghuba hii ambao marehemu aliwafundisha kuponda, kuchora na kupika rangi.

Sitaki mdhani kwamba baada ya hapo tulimtendea haki. Mafuriko ya Novemba 2007 yalipobeba bustani na nyumba saba za kijiji hiki, kulikuwa na mkutano, na mtu mmoja wa ukoo wetu, ambaye simtaji kwa kuwa ana wajukuu hapa, alisimama akasema mto hauwezi kututendea hivi bila sababu, na kwamba sababu inakaa kwenye kibanda cha rangi. Watu wote walinitazama mimi, kwa kuwa nilikuwa mkubwa wa nyumba, na mimi nikatazama miguu yangu. Woiro alinyanyuka, akasema, "Miti ya tapa imeenda na maji. Anayetaka miche aje kwangu kesho, nimehifadhi." Akaondoka. Kesho yake walikwenda karibu wote, hata yule aliyesema, wakapewa, na sikusikia mtu akiomba radhi. Mimi sikwenda kuchukua miche. Wala sikwenda kwa lile lingine nililopaswa kwenda nalo.

Mwezi wa Agosti 2018 alianza kukohoa na kupungua mwili, akasema ni moshi wa kibanda, akaendelea kufanya kazi mpaka Januari, alipotema damu, Lavinia akampeleka kwa boti na gari hadi hospitali Popondetta, wakakuta ni kifua kikuu kilichokwenda mbali. Pale mapokezi karani aliuliza mgonjwa apelekwe wodi gani, Lavinia akasema, "Shangazi yangu anakwenda na wanawake," na muuguzi mmoja aliyekuwa akipita alimtazama mgonjwa usoni, hakuuliza la pili, akamtafutia kitanda cha mwisho cha wodi ya wanawake, penye dirisha.

Nilikwenda kumwona tarehe 19 Mei. Nilikuwa nimejiandaa muda mrefu, nikamtuma Lavinia akanunue chai, nikavuta kiti, nikamwambia kwamba nimekuja kwa ajili ya Oktoba 1979, kwa ajili ya mazishi ya mama na kwa ajili ya mkutano wa mafuriko, kwamba nilikosa, kwamba yeye ni dada yangu na nilijua hivyo nikiwa na miaka sita, na kwamba namwomba msamaha. Alifumba macho. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayehesabu pumzi, "Kingsford, miti yangu ya safu ya nyuma imeachwa tangu Januari. Itakuwa imechipua pembeni. Machipukizi yakiachwa yanatoboa gome, nguo inatoka na mashimo. Nenda kayaondoe."

Nilimwambia nitakwenda, akasema, "Leo." Nikaondoka siku ileile, nikafika Yawora kesho yake, nikaingia bustani ambayo sikuwahi kuikanyaga, na kwa siku mbili niliondoa machipukizi moja moja kwa kucha, chini hadi juu, kama nilivyowaona watoto wa kike wakifanya, miti mia moja na arobaini, na wanawake waliopita njiani walinitazama. Siku ya tatu nilipanda boti kurudi Popondetta nikamwambie kazi imekwisha, na nikiwa njiani, Alhamisi tarehe 23 Mei 2019, saa nne asubuhi, akafariki, Lavinia akiwa amemshika mkono, marehemu akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa.

Sijui kama lile lilikuwa jibu. Huenda alinisamehe kwa namna aliyoijua, huenda alitaka tu miti yake itunzwe, na huenda alinituma mbali ili afe bila mimi kuwepo, na alikuwa na haki hiyo. Nimemuuliza Lavinia kama alisema lolote kunihusu baada ya mimi kuondoka, akaniambia hapana, na Lavinia hasemi uongo.

Jana mwili ulipofika, wazee walileta ubinda wa tapa wa mwanaume wavishe maiti, na akina mama wa kibanda cha rangi walikuwa wameshaingia ndani wakafunga mlango, wazee wakaniambia mimi kama mkubwa wa nyumba niwatoe. Nilikaa kwenye kizingiti, nikawaambia sina mikono ya kazi hiyo. Wazee wawili wamekataa kuhudhuria leo, mnaona nafasi zao, nami nawaheshimu lakini siwafuati. Dada yangu amevishwa nguo ya wanawake, ameifunga Lavinia kwa mikono yake, na jina litakaloandikwa msalabani ni Woiro, binti wa Josepha.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wa Popondetta, hasa yule wa kitanda cha dirishani, ambaye hatukulipata jina lake, kwa waendesha boti waliomleta bila kudai mafuta, kwa Padre, kwa mshonaji wa Lae na wafanyakazi wenzake waliotuma salamu, kwa Mama Emmeline na samaki wake wa miaka mingi, kwa majirani waliopika, na kwa akina mama wa kibanda cha rangi, ambao walimpa nafasi ya kukaa wakati sisi wa damu yake tulikuwa tunabishana asimame wapi. Wale tuliomkosea hatuna wa kumwomba tena, tunabaki na hilo, kila mtu na lake.

Woiro, dada yangu, umechoka na sisi. Pumzika sasa kwa amani, ile ambayo hatukukupa.